Ng'ombe Aliyesubiri Tangu Mwaka wa Themanini

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea sikioni, na mwaka ninaousimulia baba alikuwa ameamua kumuuza kwa mchinjaji wa Nyakoe. Hakuwa na ubaya naye. Alisema tu kwamba ng'ombe asiyeshika mimba hatoi maziwa, na kwamba yeye hakujenga zizi ili afuge kiumbe cha kutazama. Mama alijibu kwamba huyo ndiye wa mwisho kati ya ng'ombe waliokuja na mahari ya dada yangu mkubwa, na kwamba hatasimama uani kwake akishuhudia binti yake akipelekwa buchani. Dada yangu alikuwa mzima wa afya, ameolewa vizuri, lakini mama alikuwa na njia yake ya kuhesabu mambo.

Ng'ombe mwenyewe hakuwa na kasoro. Shida ilikuwa kwamba fahali hakuwa akimfikia.

Niwaeleze kidogo. Upande wetu wa Gesima mashamba yalikuwa yamegawanywa na kujaa chai, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufuga fahali. Tulitegemea chama cha ushirika cha wafugaji, ambacho ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya bonde, upande wa Birongo. Chama kilikuwa na daktari mmoja wa ng'ombe, pikipiki moja, na mtungi wa baridi kali uliobeba mbegu za mafahali ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona. Watoto walimwita daktari huyo Fahali wa Pikipiki, na kila alipopita walimlilia kama ndama.

Utaratibu ulikuwa huu. Ng'ombe akiingia joto, yaani akianza kulia, kukataa majani na kuwapanda wenzake, mwenyewe alikimbia ofisini kumwandikisha. Saa sita mchana karani alichapa orodha, daktari akaichukua na kuondoka. Kwa siku aliweza kuhudumia ng'ombe kumi. Wa kumi na moja alingoja kesho, na joto la ng'ombe halingoji kesho. Likipita, unakaa siku ishirini na moja kabla halijarudi.

Mara mbili mama alishuka bonde na kupanda upande wa pili, akafika ofisini saa nne asubuhi, na mara mbili ng'ombe wake akawa wa kumi na moja.

"Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya," aliniambia. "Mara ya pili nikamuuliza karani. Akasema hapangi yeye, inapanga kompyuta. Si wewe unafundisha hizo kompyuta? Basi nenda uiulize ina nini na mimi."

Kweli nilikuwa nikifundisha kompyuta, katika chuo kidogo mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Tulikuwa na mashine sita, mbili kati yake zikifanya kazi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowaambia watu. Hasa nilipenda ile dakika mtu aliyekuwa akiiogopa kibodi anapotulia na kusema, "Kumbe ni hivyo tu?" Ilikuwa wiki ya likizo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nikaenda.

Karani wa chama alikuwa msichana mpole wa rika langu. Kompyuta yake ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya skrini palibandikwa karatasi yenye maagizo ya aliyeileta: WASHA. BONYEZA ENTER. BONYEZA ENTER. ANDIKISHA. Ubavuni ilikuwa na lebo ya chuma iliyosema ni mali ya mradi wa serikali, kwamba isifunguliwe wala utaratibu wake usibadilishwe, na kwamba mwananchi yeyote atakayegundua hitilafu aripoti kwa ofisi ya serikali ya kompyuta, mjini Kisii.

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikatazama. Watu walikuja, wakataja ng'ombe wao, wakaandikishwa. Hakuna aliyependelewa. Ilipofika saa tano na nusu, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alipita mlangoni bila kuingia, akazunguka nyuma ya jengo. Mara stima ikazimika. Mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa chumba cha pili ikanyamaza, na akina mama waliokuwa kwenye foleni ya unga wakaanza kupiga kelele. Baada ya muda mfupi stima ikarudi. Karani akawasha kompyuta, akabonyeza Enter, akabonyeza Enter, na alipoinua macho mzee wa kofia alikuwa mbele yake akijifuta vumbi viganjani.

"Ng'ombe wangu ameamka na kelele, binti yangu," akasema.

Orodha ilipochapwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mbele ya jina lake paliandikwa kwamba amesubiri tangu tarehe moja Januari mwaka wa 1980.

Hapo nikaelewa, na ni jambo rahisi ukilitazama polepole. Ndani ya kompyuta mna saa, na saa hiyo hulindwa na betri ndogo mfano wa kifungo cha shati. Betri ikifa, kila stima inapokatika kompyuta husahau siku, na ikiwashwa tena huanza kuhesabu kutoka mahali pa mwanzo kabisa inapopajua, usiku wa manane wa siku ya kwanza ya mwaka 1980. Ndiyo sababu ilikuwa ikiuliza tarehe na saa kila ilipowashwa. Karani aliijibu kwa Enter na Enter, kama karatasi ilivyosema, na maana yake ni: sawa, endelea, ni 1980.

Sasa, programu ile ilimtanguliza aliyesubiri muda mrefu zaidi, na hiyo ni haki kabisa. Mama aliyefika saa nne aliandikwa kwamba amefika mashine ikiwa na saa mbili tangu iamke. Lakini ukizima stima saa tano na nusu, mashine inaamka upya, na anayeandikishwa dakika ya kwanza huonekana amefika kabla ya watu wote. Nyuma ya jengo, kando ya mita, kulikuwa na swichi kubwa ya kuzimia stima. Haikuwa na kufuli.

Nilimweleza karani. Aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo. "Wako watatu," akasema. "Huwa nawaona wakizunguka nyuma. Nilidhani wanaenda haja."

"Basi ikiuliza tarehe, andika ya leo. Yatakwisha sasa hivi."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akaenda kumwita meneja.

Meneja alikuwa mtu mwadilifu, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie, akaelewa vizuri sana. "Mwalimu," akasema, "nakuamini. Lakini karatasi inasema Enter. Nikisema andika tarehe, nimebadilisha utaratibu wa mali ya serikali. Lebo inasema uripoti. Ripoti, wakituandikia barua, hata kesho tutaandika tarehe."

"Na wanaozima stima je?"

"Swichi ni ya mwenye mashine ya kusaga. Sina mamlaka juu ya swichi."

Kwa hiyo nikaenda kuripoti.

Ofisi ya serikali ya kompyuta ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya wilaya, chenye meza, taipureta, na sanduku kubwa la kadibodi lililoandikwa KOMPYUTA. Afisa alikuwa mgeni kutoka mbali, mwenye Kiswahili kilichonyooka na adabu nyingi. Alinieleza kwamba sanduku lile lilifika kabla ya meza ya kuliwekea, na meza iliyopo ni ya taipureta. Mimi nilikuwa mwananchi wa kwanza kuja na ripoti tangu ofisi ifunguliwe. Alisimama akanishika mkono.

Akatoa fomu. Tuliijaza pamoja, yeye akiuliza, mimi nikijibu.

"Hitilafu imemdhuru nani?"

"Ng'ombe wa mama yangu."

"Nitaandika mama. Je, ni Wilaya ya Kisii au Nyamira?"

"Kompyuta iko Kisii. Ng'ombe analala Nyamira."

Aliweka kalamu chini. Tulitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu kama madhara yametokea Nyamira, fomu ilipaswa kupelekwa Nyamira, ambako hakukuwa na ofisi ya kompyuta ya kuipokea. Mwishowe akauliza kama ng'ombe huvuka bonde mara kwa mara. Nikasema huenda kunywa maji mtoni, mpakani. Akaandika: *Kisii, wakati wa kunywa maji.*

Kisha akaniomba niambatishe maelezo kamili, hatua kwa hatua, ili hata mtu asiyewahi kuona kompyuta aelewe jinsi hitilafu inavyotumiwa vibaya. Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa nne. Nilieleza saa, betri, Enter, orodha. Nilichora jengo, mita, na mshale ukionyesha swichi. Nilisema dakika zipi zinafaa na kwa nini ni vizuri kuwa karibu na mlango. Nakiri kwamba nilijivunia kurasa zile. Sijawahi kuandika maelezo safi kuliko yale.

Afisa alizisoma, akaniambia umma una haki ya kuonywa, na kwamba angewaandikia machifu wa pande zote mbili za bonde.

Baraza lilifanyika uwanjani mwa shule ya msingi. Chifu alipomaliza habari za chanjo ya kuku na wanaopika pombe ya chang'aa, alifungua bahasha. "Hili ni onyo kutoka serikalini," akasema. "Ni marufuku kabisa kufanya yafuatayo katika ofisi ya chama cha wafugaji. Kwanza."

Akasoma kurasa zangu zote nne. Alisoma polepole, kwa sauti inayofika nyuma, na alipofika kwenye mchoro aliuinua juu akauzungusha ili pande zote waone. Halafu, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa, akasoma tena yote kwa Kikisii.

Mtu mmoja akainua mkono. "Chifu, rudia hiyo ya tatu."

"Hili ni onyo, si somo!"

"Ndiyo, lakini tunataka kujua vizuri tunachokatazwa."

Chifu akarudia ya tatu. Niliona watu wakiandika viganjani.

"Kumbe ni hivyo tu?" jirani yetu akasema nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza maishani maneno hayo hayakunifurahisha.

Tulipofika nyumbani mama alinigeukia. "Mwanangu," akasema, "walikuwa wazee watatu. Sasa umewafanya kata nzima."

"Na wewe je? Sasa unajua. Ungeweza—"

"Mimi nizime stima, mahindi ya watu yakwame kwenye mashine, halafu Sabato nikae nao benchi moja kanisani?" Akaniacha nimesimama, akaenda kukata majani.

Wiki iliyofuata ofisi ya chama haikuingilika. Siku ya kwanza stima ilizimwa mara kumi na saba kabla ya saa sita. Karani alichoka kubonyeza, akawa anaweka kidole juu ya Enter na kukiacha hapo. Mwenye mashine ya kusaga alitoka nje mweupe kwa unga kutoka nywele hadi viatu, ameshika mchi, akasema atakayegusa swichi tena atasagwa yeye. Palitokea kusukumana. Na kwa kuwa watu wetu hawawezi kusukumana kwa muda mrefu bila kuunda kamati, ikaundwa kamati.

Iliitwa Kamati ya Swichi. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ingawa haikuwa na hazina. Sheria zake zilikuwa nzuri kuliko za chama chenyewe. Stima ingezimwa mara moja tu kwa siku, saa tano na nusu, baada ya kumjulisha mwenye mashine ya kusaga. Aliyetaka ng'ombe wake awe mbele alifika alfajiri, akaandikwa katika daftari la kamati nyuma ya jengo, akapewa namba. Stima ikirudi, watu waliingia kwa karani kwa kufuata namba hizo. Ndani ya wiki moja udanganyifu ulikuwa umepangika vizuri, na mtu aliyejaribu kurukia foleni ya kurukia foleni alitozwa kuku.

Sasa ng'ombe wetu akaingia joto mara ya tatu. Mama alitoka nyumbani kungali na giza, akashuka bonde, akapanda, akafika na umande miguuni. Hakwenda nyuma ya jengo. Aliandikishwa kwa karani kama mtu mwaminifu, wa kwanza kabisa siku hiyo, na saa sita alikuwa wa kumi na moja.

Jioni ile mchinjaji wa Nyakoe alikuja. Alizunguka ng'ombe mara mbili, akampapasa mgongo, akampiga kofi la kirafiki kiunoni. Baba alisimama kando, mikono nyuma.

"Nimempa mara moja nyingine," baba akaniambia baadaye, bila kunitazama. "Siku ishirini na moja. Zikipita bila kitu, anakwenda. Na usiniletee habari za betri."

Betri nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeipata mjini, katika duka la saa, na niliibeba mfukoni kila siku. Asubuhi iliyofuata nilimpelekea afisa, nikamwomba kibali cha kuiweka. Aliitazama kwa heshima, akaigeuzageuza.

"Hii ndiyo dawa?"

"Hii ndiyo."

"Basi haiwezekani, mwalimu. Tukitibu kabla ya kuchunguza, tutachunguza nini?" Alisema angekuja mwenyewe kuthibitisha. Ila alihitaji siku ambayo mlalamishi atakuwepo na malalamiko yake ni ya kweli. "Serikali haiwezi kuchunguza kwa maigizo. Lazima pawe na ng'ombe halisi, mwenye haja halisi."

Nikaomba kalenda yake. Nikahesabu siku ishirini na moja kwa kidole, nikaikandamiza tarehe ile mpaka ikaacha alama. "Njoo siku hii," nikasema.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, kwa sababu ng'ombe hasomi kalenda. Lakini kulipopambazuka alikuwa akilia kiasi kwamba mbwa wa jirani walimjibu. Mama alifunga leso, tukashuka bonde pamoja.

Afisa alifika saa tano na dakika arobaini, amevaa tai, ameshika faili. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo. Kamati ilikuwa imekwisha kuzima na kuwasha, na watu wao walikuwa wakitoka kuandikishwa. Mwenyekiti alimpokea kwa daftari wazi.

"Jina?"

"Mimi ni afisa wa serikali."

"Karibu sana, Bwana Afisa. Ng'ombe wako ni wa rangi gani?"

"Sina ng'ombe. Nimekuja kuzima."

"Ndugu yangu, hapa wote wamekuja kuzima. Namba yako ni ya kumi na tisa, na stima ya leo imekwisha kuzimwa."

"Sikiliza, mzee. Nachunguza kosa hili."

"Chunguza, hatukukatazi. Lakini kwa zamu."

Ilibidi afungue faili, aonyeshe muhuri, asome kifungu cha barua yake ya kazi. Kamati ilijitenga kando ikashauriana. Ikakubali kwamba serikali inaweza kuzima mara moja, nje ya zamu, mradi atie sahihi daftarini na amwombe radhi mwenye mashine ya kusaga. Alifanya yote mawili. Kisha akasafisha koo, akashika swichi kwa mikono miwili, akazima.

Kelele za akina mama wa unga zilisikika mpaka barabarani.

Stima iliporudi tulikuwa tumesimama mbele ya karani: afisa, mimi, na mama. Enter. Enter.

"Mwandikishe mlalamishi," afisa akaamuru.

"Ng'ombe yangu imelia tangu asubuhi," mama akamwambia karani kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama mtu anayekula kiapo. "Ile nyekundu. Ya pembe moja mbaya."

Orodha ikachapwa. Wa kwanza, mama. Tangu tarehe moja Januari mwaka wa themanini. Afisa aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake uling'aa. "Imethibitishwa," akasema.

Wa kumi na moja, aliyekuwa wa kumi dakika tano zilizopita, alikuwa mzee wa kofia ya manyoya.

"Huu ni wizi!" akapaza sauti. "Nimefika hapa alfajiri! Nina namba!"

"Pole sana, mzee," afisa akamwambia kwa upole. "Wewe sasa ni mwathiriwa. Ninayo fomu." Akampa fomu, akamwazima na kalamu. Mzee wa kofia akakaa kwenye benchi, akaanza kuijaza huku akinung'unika, na hivyo akawa mwananchi wa pili kuripoti hitilafu ile kwa serikali.

Wakati huo daktari alikuwa amekwisha kuchukua nakala yake ya orodha, kama alivyofanya kila siku, bila kuuliza, na pikipiki ilikuwa ikinguruma. Meneja alitoka mbio.

"Ngoja! Hilo jina la kwanza lilikuwa jaribio! Karani, lifute!"

Karani aliisoma karatasi iliyo juu ya skrini kutoka juu hadi chini. "Hapa hakuna kufuta," akasema.

Mama hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa amekwisha kukata kona kuelekea bondeni, leso ikipepea, ili afike nyumbani kabla ya pikipiki. Nilipomfikia alikuwa akihema.

"Mama, kwani umefanya dhambi?" nikamtania.

"Mimi? Mimi nimetaja ng'ombe wangu tu." Akavuka kijito kwa hatua moja. "Serikali ndiyo iliyozima."

Daktari alifika saa saba. Baba alimshikia ng'ombe kamba, akitazama upande mwingine.

Lakini mimba ya ng'ombe haionekani mara moja, na hapo ndipo mama alipoanza kukosa usingizi. Siku ishirini na moja zilipita na ng'ombe hakulia. Baba alisema labda amezeeka, ameacha kabisa. Mchinjaji naye alituma ujumbe kwamba angepita Jumatatu.

Jumamosi ikaja barua kutoka ofisi ya serikali ya kompyuta. Nilimsomea baba uani. Ilisema kwamba uchunguzi umefunguliwa rasmi. Kwamba orodha iliyochapwa ni kielelezo namba moja. Na kwamba ng'ombe aliyeorodheshwa humo, mwekundu, pembe moja yenye kasoro, ndiye kielelezo namba mbili, kwa hiyo asiuzwe, asichinjwe, wala asihamishwe wilaya mpaka uchunguzi utakapokamilika.

Baba alinyoosha mkono akaichukua. Aliusoma muhuri kwa kidole. Jumatatu mchinjaji alipofungua lango, baba alikuwa amesimama mbele ya zizi, barua imekunjuliwa kifuani.

"Rudi Nyakoe, bwana," akamwambia. "Huyu si wangu tena. Ni wa ofisi."

Ng'ombe alizaa mtamba, mwekundu kama yeye. Mama alinifanya nimwandikie afisa kumjulisha kwamba kielelezo kimeongezeka. Afisa alijibu kwa barua ya shukrani, akauliza tarehe. Kompyuta ya chama haikuwekwa betri, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Lakini daktari, ambaye alichoka kungoja karatasi, alianza kupita nyuma ya jengo na kunakili daftari la Kamati ya Swichi, na kamati ikaongeza sheria kwamba wanaotoka ng'ambo ya bonde watunziwe nafasi tatu hata wakichelewa. Sheria hiyo ilipitishwa kwa kauli moja, ila mzee wa kofia.

Miaka miwili baadaye afisa alihamishwa. Kabla ya kuondoka alikuja kwetu na mrithi wake, kijana mwenye viatu vipya, ili amkabidhi vielelezo. Tulisimama zizini wote, baba akiwa amevaa koti la kanisani. Kijana alimtazama ng'ombe mbele, akamtazama nyuma, akamtazama mtamba na ndama mpya aliyekuwa akinyonya, kisha akatia sahihi kwamba amewapokea wakiwa katika hali nzuri.

Mama aliwaletea chai ya maziwa mengi. Alingoja mpaka kijana alipopiga funda la kwanza.

"Sasa mwanangu," akamwambia, "kwa vile umewapokea, wakati wa kiangazi majani huku yanakuwa shida. Ofisi yako inaweza kuleta kidogo?"

Kijana alimtazama aliyemtangulia. Aliyemtangulia alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake. Kijana akaweka chai chini, akafungua faili juu ya goti, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Majani ya aina gani, mama?"